Kulipa Kiingilio Ili Unyeshewe

Siku hizi mtu akikwambia twende tukapumzike, kaa chonjo. Utapandishwa mlima. Zamani Tanga kupumzika kulikuwa na adabu zake: unatandika mkeka barazani, redio pembeni, kahawa chungu na kashata, unamsema kila anayepita mpaka apotelee kona. Sasa kupumzika kuna kiingilio, kuna gambuti, kuna na kijana wa kukuongoza usije ukapotea.

Mambo haya kayaleta shemeji yangu wa Dar es Salaam, aliyekuja kwetu Makorora kwa wikiendi moja, na wikiendi yenyewe haijaisha hadi leo. Kamwambia dada yake, "Mnakaa Tanga halafu Amani hamuijui?" Mama Rehema akanigeukia kwa lile jicho lake. Nikaenda kuvaa.

Amani ni hifadhi ya msitu, iko juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, unapitia Muheza. Mpaka Muheza ni lami, unajisikia mwananchi. Mbele ya hapo barabara inapanda kwa kona, Noah ya kukodi inaguna, mlango wake umefungwa kwa kamba. Kushoto mlima, kulia hakuna kitu. Shemeji anapiga kelele, "Tazama mandhari!" Mandhari gani, na macho nimeyafumba?

Pale Zigi tukakuta nyumba aliyoijenga Mjerumani kwa ajili ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni. Alifikisha reli mpaka hapo akifuata mbao. Yaani mkoloni alifika kwa treni, mimi mwenye nchi nafika nimeshikilia mlango.

Kijana mwongozaji akaniamkia, shikamoo, marahaba, nikaona huyu kalelewa. Akatueleza kwamba hifadhi ilitangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000. Nikamuuliza simba wako upande gani.

"Simba hakuna, mzee."

"Tembo?"

"Hakuna. Mbega wapo, ukiwa na bahati. Ila sifa yetu hasa ni vyura, vinyonga na vipepeo."

Hekta elfu nane za vyura! Mimi na ndugu zangu tunapelekana baraza la kata kwa kiwanja ambacho mbuzi akigeuka kichwa chake kiko kwa jirani.

Tukaingia msituni, na mvua ikaingia nasi. Huko juu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na naapa nyingi zilinisubiri mimi. Miti inadondosha maji, mawe yanatoka jasho, njia yote chepechepe. Kijana akachimbua majani makavu kwa kijiti, akatuonyesha udongo wa chini: msitu unanyonya mvua kama godoro, halafu unaiachia taratibu, ndiyo maana vijito havikauki hata kiangazi. Shemeji akapiga picha. Ya udongo.

Ndipo kijana akamulika tochi chini ya jani. Chura. Mdogo, hata kidole gumba kinamzidi. Akanong'ona kwa heshima utadhani tumefika kwa mkuu wa mkoa: "Huyu, mzee, hatagi majini. Anabeba mimba tumboni, anazaa vichura vilivyokamilika."

Nikamtazama yule chura. Kazungukwa na maji mbele, nyuma, juu na chini, kila kijito chake, halafu wakati wa kuzaa anasema hayahitaji. Jeuri ya kupata hiyo!

"Na maji yote haya yanakwenda wapi?" nikauliza.

"Yanaingia mto Zigi, mzee. Zigi unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko yanakotoka maji ya Tanga mjini."

"Tanga ipi?"

"Ya kwenu, mzee."

Hapo nikakaa juu ya gogo, na gogo nalo likalowa. Bomba langu ukilifungua linatoa kwanza pumzi ndefu, kisha linakohoa, kisha kimya. Sitaki kesi na mtu, simtaji mtu. Nasema tu kwamba juzi nimenunua dumu kwa mwenye mkokoteni, kesho yake nikapanda mlima, nikalipa, ili maji yaleyale yanimwagikie kisogoni.

Kijana akaona nimenuna, akatupeleka penye maua ya zambarau yaliyojishikiza mwambani. Mwaka 1892 bwana mmoja wa Kijerumani aliyekuwa mtawala huku, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo limejaa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, ndani ya vyungu, linamwagiliwa kwa kipimo. Hata ua la Tanga likitaka uhakika wa maji sharti lihame.

Halafu akatuonyesha mti, unaitwa msizi. Kwao ni huko Bukoba na Uganda, uliletwa kupandwa, ukapendezwa na mahali, sasa umejitawanya msituni na miti ya wenyeji inakosa nafasi. Mimi sikusema neno. Nilimwangalia shemeji tu, kwa muda mrefu kidogo. Naye akauliza chakula cha mchana saa ngapi.

Wakati wa kuondoka wakaleta kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, maoni. Mama Rehema akaandika "Pazuri sana, tutarudi." Hiyo "tutarudi" sijui ni yeye na nani. Shemeji akajaza mistari minne na kuchora ua. Mimi nikaandika: "Chura apewe kiasi anachotumia, yanayobaki yateremsheni Makorora, nyumba ya tatu kutoka msikitini, bomba liko uani."

Mama Rehema akasoma. Akanikanyaga mguu, akasahau kwamba nimevaa gambuti.