Kilichotuunganisha ni bip, si bando

Njia ya mawasiliano iliyowaweka watu wa Kusini mwa Tanzania karibu kuliko zote haikubuniwa na mhandisi, na kampuni za simu hazikupata hata senti. Nasema kubipu. Mama yuko Tandahimba na kiswaswadu chake, salio ni la kubipia tu. Mwanawe yuko Dar. Simu inaita mara moja, inakatika. Hakuna neno lililosemwa, ila mtoto anajua zamu ya kupiga ni yake, na jioni ikifika hajapiga, kuna kesi. Mtafiti Jonathan Donner, aliyechunguza bip nchini Rwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007, alikuta kanuni tunayoijua hata sisi: mwenye nacho ndiye anayelipia. Kijana anayemtongoza binti kisha akambipu, imekula kwake.

Ndiyo maana sishawishiki nikiambiwa kwamba picha, video na kasi ya intaneti ndivyo vinavyoyafanya mawasiliano yawe ya kijamii. Mimi naangalia jambo moja: aliyepokea anadaiwa jibu? Na asipojibu, kuna atakayemuuliza?

Redio kwa umbile lake inasema tu, haisikilizi. Lakini wasikilizaji wa Redio Tanzania walijaza kadi za salamu, wakazituma, na ukitajwa hewani ilikupasa urudishe. Wengine wakajuana hivyo hivyo, wakatembeleana, wakazikana. Mitambo haikubadilishwa hata kidogo.

Sasa njoo kwenye grupu la ukoo. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, kumwoza mpwa bila mjomba kuambiwa ni kutafuta maneno. Admini wetu aliweka tangazo la harusi, na namba ya kutumia michango chini yake. Dole gumba zikamiminika, na maua. Mjomba wa Newala naye alisoma. Tiki za bluu zilionekana. Kikao kilipoitwa akasema, "Mimi sijaambiwa." Vijana wakacheka, wakamwonyesha simu. Akawajibu, "Hapo mmewaambia wote. Mimi nani kaniambia?" Ikabidi wazee wawili wapande gari wakamwambie upya, kwa adabu zake.

Mimi niko upande wa mjomba. Tangazo lililorushwa kwa watu mia na ushee halimdai mtu yeyote, kila mmoja anamtegea mwenzake. Ila haki isemwe: grupu hilohilo, ukitokea msiba, nauli inapatikana kabla chai haijapoa. Tofauti ni ile orodha ya majina inayopandishwa kila baada ya dakika chache, fulani katoa, fulani bado. Huwezi kujificha. (Wapo wanaolefti siku hiyohiyo, nao wanajulikana.)

Mwezi Mei 2024 tuliliona hili vizuri. Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara pale Somanga, Kilwa, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Watu wakarudi kupigiana. Umekwama wapi, mmekula, nani yuko na watoto. Maswali yenye mwenyewe.

Kinachonikera ni meseji wanazotumiwa wakulima wa korosho malipo ya mnada yanapoingia. "Ndugu mteja." Ukiijibu haifiki popote. Bibi asiyejua kusoma anampa mjukuu amsomee, halafu anapaza sauti ng'ambo ya ua, "Mwenzangu, na zako zimeingia?" Kazi yote ya kijamii wameifanya bibi, mjukuu na jirani, mfumo umetuma tu tarakimu. Wanaoipanga mifumo hiyo waweke na namba ya karani anayejulikana pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayepokea simu kweli, ili kilo zikionekana pungufu kuwe na wa kuulizwa.