Kupima chuki ya wazi na chuki ya chini chini

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani Gregory Herek alitunga hojaji ya kupima mitazamo ya watu juu ya mashoga na wasagaji, nayo iliuliza bila kuzunguka: je, mapenzi ya jinsia moja ni makosa, ni ya kuchukiza, yanakwenda kinyume na maumbile? Maswali hayo yanafaa mahali ambapo mtu haoni haya kujibu ndiyo, kama Uganda, ambako sheria ya 2023 inatoa kifungo cha maisha. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kanada, hata hivyo, maswali ya namna hiyo yalileta alama za chini sana, kana kwamba chuki imekwisha.

Watafiti wa saikolojia Melanie Morrison na Todd Morrison hawakuridhika. Mwaka 2002 walichapisha kipimo kisichogusa dhambi wala maadili, bali kinachouliza kama mashoga wanadai upendeleo, au wanalikuza mno suala lao. Hapo alama zilipanda.

Wanaokipinga wana hoja ya haki. Kauli mojawapo inasema kodi za Wakanada zisitumike kusaidia vyama vya mashoga, na mtu anaweza kuikubali kwa sababu tu hapendi serikali igharamie chama chochote. Kumhesabia chuki ni kumwonea.

Lakini pingamizi hilo husemwa kana kwamba watafiti waliishia kwenye karatasi, jambo ambalo si kweli. Waliwaweka washiriki mahali pa kutazama filamu, pamoja na mtu aliyevaa fulana yenye maandishi ya kuwaunga mkono mashoga au wasagaji. Pale ambapo kuketi kando yake kungemfanya mshiriki asiione filamu vizuri, wenye alama za juu walimkwepa zaidi kuliko wenzao. Kisingizio hicho cha kutoiona filamu kilipoondolewa, tofauti hiyo haikuonekana. Kama alama zile zingekuwa msimamo wa kisiasa tu kuhusu kodi, sioni kwa nini zingemhamisha mtu kiti, tena pale tu alipokuwa na la kujitetea.

Kwa hiyo kauli ya kodi iandikwe upya, na kipimo kibaki, hasa katika nchi zinazokataza ubaguzi kisheria, maana huko mwenye nyumba hamwambii mpangaji kwamba hamtaki. Humwambia chumba kimeshachukuliwa.