Kumuweka mwanasayansi stejini: Heisenberg kaonewa huruma kupita kiasi?

Kuna swali limenikaa sana kuhusu tamthilia za maisha ya wanasayansi, kwamba hivi mwandishi ana haki ya kumtungia mtu aliyeishi kweli maneno ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyasikia, tena kwenye jambo zito kama bomu la atomiki? Wengine watasema sanaa ni sanaa, mwacheni mwandishi atunge, wengine watasema historia haichezewi, na mchezo ambao naona unazibana pande zote mbili ni Copenhagen wa Michael Frayn, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, ulioanza kuoneshwa National Theatre ya London mwaka 1998, halafu mwaka 2000 ukachukua tuzo ya Tony kule New York.

Stori yenyewe iko hivi. Septemba 1941, Denmark imeshakaliwa na Wajerumani tangu Aprili 1940, Werner Heisenberg, mwanafizikia mkubwa wa Ujerumani ambaye yumo kwenye utafiti wa nyuklia wa nchi yake, anafika Copenhagen na anakwenda kumuona Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark aliyemlea kwenye fizikia, na mama yake Bohr ni Myahudi. Wakaongea wawili tu, Bohr akatoka pale ameudhika sana na urafiki wao haukurudi tena kama ulivyokuwa. Waliongea nini? Heisenberg baada ya vita alisema alitaka kujua kwa mwalimu wake kama ni haki mwanafizikia kufanya kazi ya aina hiyo wakati wa vita, Bohr yeye alielewa kitu kingine kabisa. Hata mahali walipoongelea hawakubaliani, mmoja anakumbuka walikuwa wanatembea jioni, mwingine anakumbuka walikuwa chumbani kwake pale kwenye taasisi.

Frayn kafanya nini sasa, kawachukua Bohr, mkewe Margrethe na Heisenberg wakiwa wote wameshakufa, kawaweka kwenye jukwaa tupu, na wanaurudia ule usiku mara moja, mara mbili, mara tatu, kila mara kwa maelezo tofauti. Hakuna ofisi, hakuna vyombo vya maabara, ni watu watatu na maneno. Kanuni maarufu ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika, ile inayosema ukijua kwa usahihi elektroni iko wapi basi kasi na uelekeo wake vinakuponyoka, mwandishi kaihamishia kwenye moyo wa binadamu, yaani hata mtu mwenyewe hawezi kujua kwa hakika kwa nini alifanya alichofanya.

Wanaoutetea mchezo wana hoja nzito, na mimi nusu yangu iko kwao. Mwanahistoria akifika kwenye mlango uliofungwa anasimama, hana karatasi, hana shahidi, lakini watu wana njaa ya kujua na hiyo njaa ni halali kabisa. Kuna sehemu karibu na mwisho ambayo naiona ni ya kipekee, pale Bohr anapojaribu kuurudia ule usiku bila kukasirika, badala ya kuondoka anamuuliza tu Heisenberg mbona una uhakika hivyo kwamba bomu la urani ni gumu kutengenezwa, umepiga hesabu? Na Heisenberg hajapiga. Anaanza kuipiga palepale, na ghafla unaona dunia ambayo Hitler ana bomu. Kwa hiyo hasira ya Bohr, kile kitendo cha kuondoka bila kuuliza, huenda ndicho kilichotuokoa. Hilo huwezi kuliandika kwenye kitabu cha historia kwa sababu halikutokea, lakini ukiliona stejini unaelewa jinsi jambo kubwa linavyoweza kuning'inia kwenye swali moja ambalo halikuulizwa.

Na hiyo sehemu haikutoka hewani. Mwaka 1945 Waingereza waliwafungia wanasayansi 10 wa Kijerumani kwenye nyumba inaitwa Farm Hall karibu na Cambridge, wakawatega vinasa sauti bila wao kujua, na maandishi ya yale maongezi yakatolewa hadharani mwaka 1992. Tarehe 6 Agosti waliposikia habari ya Hiroshima, Heisenberg mwanzoni hakuamini, na usiku huo alimtajia mwenzake Otto Hahn kwamba urani ya kutengenezea bomu inafikia kama tani nzima, kiasi ambacho ni kikubwa mno kuliko kinachohitajika, halafu siku chache baadaye akawapa wenzake maelezo yenye hesabu nzuri zaidi sana. Kwa hiyo mtu unaweza kusema kwa haki kwamba kabla ya hapo hesabu yenyewe hakuwa ameifanya sawasawa. Kwa nini hakuifanya ndiyo sehemu ya kutunga.

Sasa upande wa pili, na hapa wanahistoria waliolalamika siwabezi hata kidogo. Ukiweka ukungu sawa juu ya watu wawili ambao hawako sawa umeshapendelea mmoja. Bohr alikuwa kwenye nchi iliyovamiwa, mwaka 1943 alikimbilia Sweden kwa boti kuokoa maisha yake, Heisenberg alikuja Copenhagen kama mgeni wa taasisi ya utamaduni ya Wajerumani waliovamia, alikuja kutoa mhadhara. Mchezo unamruhusu Heisenberg kukumbusha kwamba ni Bohr ndiye aliyeishia Los Alamos, maabara ya Wamarekani, kusaidia bomu lililoua watu kweli, wakati yeye hakuua mtu kwa fizikia yake, na hoja hiyo ikitoka mdomoni kwa muigizaji mzuri, mwenye sauti ya upole na uchovu, mtazamaji anaondoka anamuonea huruma. Ni kweli Margrethe yupo kwa ajili ya kukataa, kila Heisenberg akijisafisha yeye anamrudisha chini, bila yeye mchezo ungekuwa utetezi mtupu. Lakini Margrethe ni sauti moja tu, na ule mfano wa elektroni unafanya kazi dhidi yake usiku kucha.

Halafu ikatokea kitu ambacho mimi sijaona mfano wake kwingine. Bohr mwaka 1957 alisoma kitabu kilichomuelezea Heisenberg kama mtu aliyesitasita kwa sababu za kimaadili, akaandika barua ya kumjibu Heisenberg, akairekebisha, akaandika tena, na hakuwahi kuituma mpaka anafariki 1962. Karatasi hizo zilikuwa zikae zimefungwa mpaka 2012, lakini mjadala ulioletwa na mchezo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba familia ikazitoa Februari 2002. Ndani Bohr anasema anakumbuka vizuri, Heisenberg alimwambia Ujerumani itashinda, na akampa picha kwamba chini ya uongozi wake kila kitu kinafanyika kutengeneza silaha za atomiki. Hakuna neno la kusitasita hapo.

Kwa hiyo mchezo uliomlainisha Heisenberg ndio uliofungua droo iliyokuwa na ushahidi dhidi yake! Wanaoutetea wanasema mnaona, sanaa imeleta ukweli. Mimi nasema imeleta, ila waliokaa ukumbini kati ya 1998 na 2002 hawakuzisoma hizo barua, walienda nyumbani na ule ukungu. Na kwa kumtendea haki Heisenberg pia, barua za Bohr nazo ni kumbukumbu ya mtu miaka 16 baadaye, tena mtu aliyeumizwa, na kuna barua ambayo Heisenberg alimwandikia mkewe wiki hiyohiyo ya 1941 inayoonesha alifika kwa kina Bohr zaidi ya mara moja na akawapigia piano, sasa usiku wa hasira peke yake hautoshi kueleza ile safari.

Frayn siyo wa kwanza kwenye hili. Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, alimchukua Galileo, mwanasayansi wa Italia wa zamani, na baada ya Hiroshima akaubadilisha mchezo wake ili yule mzee aonekane na hatia zaidi, halafu binti yake Virginia kamfanya mchumba aliyeachwa anayeishi na baba yake uzeeni, wakati Virginia wa kweli aliingia utawani 1613 akiwa bado mtoto na akafariki 1634, miaka minane kabla ya baba. Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza kazi ya bomu la Marekani, ndiyo alikuwa bado hai mwaka 1964 mwandishi wa Kijerumani Kipphardt alipompandisha jukwaani kwa kutumia kumbukumbu za kikao cha 1954 alichohojiwa na serikali kuhusu uaminifu wake, na akalalamika kwa kuwekewa hotuba ya mwisho ambayo hakuwahi kuitoa. Na sisi tunaye Kinjeketile, yule wa vita vya Maji Maji, kwenye mchezo wa Ebrahim Hussein, ambapo mwandishi kwenye utangulizi kasema wazi kabisa kwamba huyu wa mchezo ni kiumbe cha sanaa, msimpime kwa historia. Hilo tamko naliheshimu sana, ila liko kwenye kitabu, mtu aliyekata tiketi akakaa kwenye kiti hasomi utangulizi.

Msimamo wangu ni kwamba Copenhagen uendelee kuoneshwa, na skripti isiguswe, lakini mwongozaji anayeupandisha leo hana kisingizio walichokuwa nacho wale wa 1998. Kutokuwa na uhakika kuhusu nia ya mtu sawa, kutokuwa na uhakika kuhusu nani alikuwa mvamizi hapana. Achapishe barua ya Bohr ambayo haikutumwa kwenye kile kijitabu cha onesho, na ile ya Heisenberg kwa mkewe ikae ukurasa wa pili yake, watu wasome wakati wa mapumziko kabla sehemu ya pili haijaanza, halafu amwambie muigizaji wa Margrethe asiicheze hasira yake kama wivu wa mke, aicheze kama mtu ambaye nchi yake imekaliwa na mgeni wake amekuja na ruhusa ya waliomkalia.