Florante at Laura: hekaya ya mapenzi au fumbo la nchi?

Katika Florante at Laura (Florante na Laura), utenzi wa Ufilipino, shujaa Florante amefungwa mtini katikati ya msitu wa giza, simba wawili wanamsogelea, naye analilia Albania yake: "Sa loob at labas ng bayan kong sawi / kaliluha'y siyang nangyayaring hari." Yaani, ndani na nje ya nchi yangu yenye msiba, hiana ndiyo mfalme. Hesabu mizani: 12, zimekatwa 6 kwa 6, na ubeti mzima una kina kimoja. Sikio la mtu aliyelelewa na mashairi yetu halipati shida hapo.

Francisco Balagtas alichapisha beti hizo 399 kwa Kitagalogi mwaka 1838, Ufilipino ikiwa chini ya Wahispania. Albania kwake ilikuwa jina tu. Kwa wasomaji wengi, "nchi yangu" ni Ufilipino yenyewe, na Adolfo anayepora kiti cha mfalme ni mkoloni aliyevishwa vazi la mbali.

Wanaopinga wana hoja nzito. Balagtas alikuwa mtunzi wa komedya, michezo ya jukwaani ambamo Wakristo hupigana na Wamoro, yaani Waislamu, na mwisho Mmoro hubatizwa. Humu nako Aladin, mwana wa mfalme wa Uajemi, anabatizwa pamoja na mpenzi wake Flerida. Padri wa Kihispania angekasirishwa na nini? Isitoshe, utenzi umetungwa kwa ajili ya "Selya", mwanamke aliyempenda akamkosa. Machozi ya Florante yanaweza kuwa ya mtunzi mwenyewe, wala si ya taifa.

Mimi ubatizo ule haunipendezi; naona umebandikwa. Lakini tazama kilichoutangulia. Anayewaua simba na kumfungua Florante ni huyohuyo Aladin, adui wa dini yake. Florante anaposhangaa, anajibiwa: mimi ni Mmoro, lakini ni mtu kamili mwenye moyo, na amri ya Mbinguni inanihusu mimi pia. Haini mkuu, Adolfo, ni Mkristo. Na aliyempora Aladin mchumba wake ni baba yake mzazi, sultani. Komedya ya kawaida haigawi uovu hivyo. Kama Wahispania ndio waliolengwa, sina la kuapia. Kwamba mtawala dhalimu alilengwa, nakubali.

Mashindano ya majibizano ya kishairi yaliyoanza Manila mwaka 1924, ndugu wa malumbano yetu, yaliitwa balagtasan kwa heshima yake. Hilo halina ubishi. Urithi mzito zaidi nauona kwa wasomaji wake. Mwanzoni mwa kitabu Balagtas anamwomba msomaji asiyageuze mashairi yake. Yakionekana machungu kama tunda bichi, ayatafune taratibu. Miaka 60 na ushee baadaye Apolinario Mabini, mwanamapinduzi wa Ufilipino aliyepooza miguu, alihamishiwa kisiwa cha Guam na Wamarekani, waliokuwa wamewarithi Wahispania. Huko aliketi akauandika utenzi huo kutoka kichwani.