Shairi Lililorushwa Hewani

Sheria za kimataifa za leseni ya rubani binafsi zinataka mtu awe ametimiza miaka 17. Kuhusu mwisho wa umri hazisemi kitu, na hapo ndipo nilipopenya, tayari nikiwa na wajukuu. Afya ikikubali, hakuna wa kukuzuia. Ila daktari wa marubani ana namna yake ya kukukumbusha: aliye chini ya miaka 40 hupewa cheti cha miezi 60, aliyevuka hapo hupewa cha miezi 24. Nilikipokea changu kwa mikono miwili, nikatazama tarehe ya mwisho, nikajua nimeshakadiriwa.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa rika la kitinda mimba wangu, mpole, mwenye mwili ulioshiba. Tatizo langu la kwanza kwake lilikuwa miguu. Ndege ndogo ikiwa chini huongozwa kwa pedali. Ule usukani ulio mkononi hausaidii lolote. Mimi udereva wa gari ulikuwa umenikaa mikononi, basi nikawa nazungusha usukani kwa bidii kuelekea kushoto, ndege nayo inajiendea majanini, na mwalimu anarudia, "Miguu, mzee wangu. Miguu."

La pili, kumbukumbu. Kabla ya kutua kuna mambo ya kukagua moja baada ya jingine. Vijana huyakariri kwa herufi za mwanzo. Herufi kwangu hazikai; kinachokaa ni shairi. Nikatunga ubeti:

Mafuta kwa kila bawa, swichi iwe katikati,
Mchanganyiko ni sawa, umesukumwa kwa dhati,
Joto nalo limetiwa, barafu isitusaliti,
Mkanda umefungiwa, Mola nipe na bahati.

Msione ajabu kutajwa barafu. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta, kifaa kinachotengeneza ule mchanganyiko wa mafuta na hewa, hupoa ghafla, na ikiwa na unyevu, barafu huweza kuganda humo hata siku ambayo rubani mwenyewe anatokwa na jasho. Ndiyo maana injini hupelekewa hewa ya moto kabla ya kushuka. Mwalimu aliusikia ubeti, akacheka hadi mkanda ukambana, akasema hana neno ilimradi nifanye ninachoimba.

Ikafika siku ya kuruka peke yangu. Ndege yetu ilikuwa Cessna 172, aina iliyopaa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na iliyoundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Hii yetu ilikuwa ya makamo kama mimi. Mwalimu akashuka na redio yake ya mkononi, akaniambia nizunguke uwanja mara moja nitue, akasimama kando kunitazama. Nikabonyeza kitufe cha kuongelea kilicho kwenye usukani, nikaomba ruhusa ya kuruka. Dada wa mnarani, muongoza ndege wa uwanja, akanipa. Nikabonyeza tena kumrudishia maneno yake kama inavyotakiwa, nikaachia.

Mimi niliachia. Kitufe hakikuachia. Kilibaki kimedidimia ndani ya tundu lake.

Sasa, redio za ndege ziko hivi: wote waliopo uwanjani hapo wanatumia masafa mamoja, na ukibonyeza kitufe unasikika na kila mtu, ila wewe mwenyewe humsikii yeyote. Wakati huo huo, mwingine akijaribu kusema, sauti zinagongana na kinachotoka ni mlio wa kukwaruza. Kwa hiyo tangu magurudumu yanaanza kuzunguka, nilikuwa nimewafunga midomo marubani wote wa eneo lile nikawa mtangazaji pekee. Na mimi, nikiwa peke yangu, huongea. Naongea na birika, naongea na miwani iliyopotea, sembuse ndege!

Ikapaa upesi kuliko siku zote, maana ilikuwa imepungukiwa na mtu mzima.

"Ehee!" nikaiambia. "Umepata nafuu, mama. Leo hukumbeba yule. Kumbe siku zote kilo zilikuwa zake, lawama zangu."

Kule chini, mwalimu alikuwa ameshika redio sikioni.

Nikakata kona, nikakata nyingine, nikawa sambamba na njia ya kutua. Uwanja uko kushoto, mzuri, mdogo. Masikioni kimya. Nikaona raha.

"Na dada wa mnarani leo ametulia," nikasema. "Hajanigombeza hata kidogo. Kumbe akitaka anajua kunyamaza."

Nikaomba kutua. Kimya. Nikaomba tena, kwa adabu zaidi. Kimya kile kile, na sasa hakikuwa na raha yoyote. Nikakumbuka somo: redio ikifa, tazama mnara. Nikatazama. Kioo cha mnara kilikuwa kinanimulika taa ya kijani.

"Kijani," nikasema kwa sauti. "Kijani ni nini? Kijani inayometameta, rudi utue. Kijani isiyokatika, ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyokatika, mpishe mwenzio uendelee kuzunguka. Nyekundu inayometameta, uwanja si salama. Au nimegeuza? Hii inametameta, au ni mimi ninayepepesa macho?"

Nikajaribu kutopepesa. Haikukatika. Niliambiwa baadaye kwamba ndani ya ndege nyingine iliyokuwa ikisubiri chini, watu wazima wawili walikuwa wanapiga kelele "Tua! Tua!" kwenye redio isiyoweza kufika popote.

Mchana, jibu la taa ni kutikisa mabawa. Niliyatikisa kwa shukrani nyingi mno, mpaka kalamu ikaruka mfukoni. Kisha nikavuta pumzi na kuanza ubeti, kwa mahadhi kamili, maana nikiusoma bila kuimba huwa naruka mshororo wa pili. Nikauimba kuanzia mafuta hadi bahati, mkono ukifuata maneno, nikarudia mshororo wa mwisho kama kiitikio kwa sababu njia ilikuwa inakuja haraka. Nikagusa chini, nikaruka kidogo, nikagusa tena, tukakubaliana.

Nilipozima injini mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni. Hakunipongeza. Alipitisha mkono mbele yangu, akapenyeza ukucha kando ya kitufe, kikachomoka kwa mlio mdogo: tik.

"Kilo, mzee wangu?" akaniuliza. "Kilo zangu?"

Kisha akanipa simu yake. Mnara ulitaka kuzungumza nami.

Nikaiweka sikioni nikiwa nimeshapanga namna ya kuomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuhusu yale niliyosema..."

"Hayo tutayazungumza siku nyingine. Mimi nina shida na ule mshororo wako wa tatu. Utao wake una mizani tisa."

Nikasema haiwezekani.

"Hesabu mwenyewe: barafu isitusaliti. Ondoa hiyo 'tu', sema isisaliti, itakaa sawa."

Nikahesabu kwa vidole pale pale kwenye kiti cha rubani, mwalimu akinitazama. Tisa.