Chai, jina la baba na kukaa kitako

Kila nikianza darasa jipya la Kirusi kuna atakayeuliza: Mwalimu, kwa Warusi wewe unapenda nini hasa? Wengi wanategemea nitaje baleti. Naiheshimu, ila nimeshasinzia ukumbini mara mbili.

Ninachokipenda kwanza ni jina la baba. Mtu mzima unayemheshimu humwita kwa jina lake na la baba yake: Anna Ivanovna, yaani Anna binti Ivan. Akiwa mwanamume, Ivanovich. Waliozoea kuitwa Ali bin Juma hapo hawashangai kitu. Mtego ni kwamba hata mwalimu wa shule haitwi "mwalimu". Wanafunzi humwita hivyohivyo, jina na la baba. Mimi siku za mwanzo nilimwita wangu kwa jina lake tupu. Darasa zima kimya, kana kwamba nimemtukana. Halafu ukishayakariri majina hayo marefu, unakuta wenyewe wanayameza: Ivanovna inasikika "Ivanna", na Aleksandr Aleksandrovich anakuwa San Sanych. Nilihangaika wiki nzima kumtafuta huyo San Sanych kwenye orodha ya majina.

Pushkin, mshairi mkuu wa Warusi, lazima nimtaje. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akalelewa kwenye jumba la Petro Mkuu, mfalme wa Urusi. Wanafunzi hulipenda sana hilo, nami naliweka mapema. Lakini wakiishia kwenye nasaba bila kusoma shairi hata moja, nakasirika.

Tuje kwenye chai. Na kwao inaitwa chai, neno ambalo sijawahi kulazimika kulifundisha. Chai tamu kuliko zote ni ya kwenye treni: bilauri ya kioo imekaa ndani ya kishikio cha chuma chenye nakshi, maji ya moto unayakinga kwenye tangi mwisho wa behewa, na usiku kucha kijiko kinagonga kioo, ti-ti-ti. Nyumbani wanaleta na varenye, matunda yaliyochemshwa na sukari. Wengi hawayakorogi kwenye chai. Wanalamba kijiko, wanapiga funda.

Na kabla ya safari ndefu, viatu mguuni, mabegi mlangoni, wote wanakaa kitako na kunyamaza kidogo ndipo waondoke. Nimelibeba hilo hadi kwangu. Teksi inapiga honi nje, mimi nimekalia sanduku, mke wangu kasimama na funguo mkononi ananiuliza kama nimeshamaliza.