Emilio Fernández: Aliwatetea wenyeji asilia wa Mexico au aliwapamba?

Mabishano juu ya Emilio Fernández, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Mexico aliyejulikana zaidi kwa jina la El Indio, huanzia mara nyingi kwenye bastola yake. Si ajabu, kwani mwaka 1976 alimuua mtu kwa risasi katika jimbo la Coahuila, alikozaliwa mwaka 1904, na akahukumiwa kifungo. Hilo mahakama ilikwisha kuliamua. Linalobishaniwa hadi leo ni kama filamu zake ziliwarudishia wenyeji asilia wa nchi hiyo heshima waliyonyimwa, au ziliwafanya pambo la taifa.

Watetezi wake wana hoja nzito. Mama yake alikuwa wa Kickapoo, jamii mojawapo ya wenyeji asilia. Akiwa kijana alijiunga na uasi wa mwanasiasa Adolfo de la Huerta dhidi ya serikali ya Mexico, ulioanza mwaka 1923, na uliposhindwa alifungwa, akatoroka na kuvukia Marekani, ambako aliishia kupata vibarua vya uigizaji Hollywood. (Ile hadithi kwamba sanamu ya Oscar ilichongwa kwa kufuata mwili wake inapendwa kuliko inavyothibitika.) Katika filamu za huko, Mmexico alikuwa jambazi, mlevi au mtumishi. Aliporejea kwao katika miaka ya 1930 alijiwekea kazi ya kumwonyesha mkulima na mvuvi maskini kama mtu mwenye haiba, na kwa kushirikiana na mpiga picha Gabriel Figueroa na mwandishi Mauricio Magdaleno alitengeneza María Candelaria ya mwaka 1943, ambayo ilikuwa miongoni mwa filamu 11 zilizopewa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1946.

Lakini hebu tuitazame filamu hiyo kwa karibu. Tuko Xochimilco mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi. María, muuza maua, ametengwa na wanakijiji kwa sababu mama yake alikuwa kahaba. Anapougua malaria, mchumba wake anaiba dawa ya kwinini dukani na kufungwa. María, akitafuta njia ya kumtoa, anakubali mchoraji wa mjini achore uso wake. Mchoraji anaumalizia mchoro kwa mwili wa mwanamke mwingine aliye uchi, wanakijiji wanadhani ni yeye, na wanampiga mawe hadi kufa. Basi wauaji ni wenyeji wenyewe, na anayetusimulia kwa majuto ni yule msomi wa mjini. Isitoshe, María anaigizwa na Dolores del Río, binti wa familia tajiri ya Durango na nyota wa Hollywood, ambaye Figueroa anamulika uso wake kana kwamba ni mtakatifu wa kanisani. Hapa wakosoaji wako sahihi, na sioni jibu la kutosha kutoka upande wa pili. Kusema kwamba filamu isingeuzika bila nyota kunaeleza sababu tu, hakuondoi kasoro.

Hata hivyo wanakosea wanapoitumia filamu hiyo kuzihukumu zote. Pueblerina ya mwaka 1949 iliigizwa na Columba Domínguez na Roberto Cañedo, wasiokuwa na umaarufu wa del Río. Ndani yake maharusi wanaandaa karamu, lakini kijiji kizima kinaogopa ndugu wawili wenye nguvu, hahudhurii mtu, na wao wawili wanacheza ngoma peke yao mbele ya meza zilizopangwa. Hapo umaskini haukurembwa hata kidogo, na udhalimu una wenyewe. Mimi naiweka juu ya María Candelaria, pamoja na Cannes yake yote, na juu zaidi ya filamu yake nyingine, Río Escondido, ambamo Rais mwenyewe anamtuma mwalimu kijijini na filamu inageuka hotuba ya serikali.

Mwaka 1950 mwongozaji Luis Buñuel alitoa Los olvidados, juu ya watoto wa mitaa ya mabanda ya Jiji la Mexico, akimtumia Figueroa yuleyule bila zile picha zake maarufu za anga lenye mawingu, na ghafla mtindo wa Fernández ukaonekana umezeeka. Kazi za uongozaji zikapungua, akarudi kwenye uigizaji, na mwaka 1969 akawa Jenerali Mapache, mlevi na mkatili, katika The Wild Bunch, filamu ya mwongozaji wa Kimarekani Sam Peckinpah. Wanaomcheka kwa kuishia kuigiza Mmexico wa aina ileile aliyotaka kuifuta wanasahau kwamba wakati huo watayarishaji wa nchini mwake walikuwa wakimpa kamera kwa nadra.